PAUL WITTGENSTEIN: ASKARI ALIYEPIGA PIANO KWA MKONO MMOJA

Askari anayelinda daraja la Katunguru huona mengi katika zamu yake. Juu ya daraja huona magari yatokayo Mbarara yakielekea Kasese, na mengine yakienda Bwera hadi mpaka wa Kongo. Chini ya daraja huyaona maji ya mkondo wa Kazinga yakipita polepole baina ya Ziwa George na Ziwa Edward, na viboko wamejilaza humo kama mawe. Zamu ni ndefu, jua ni kali, wala hakuna mtu anayesimama kumpigia makofi. Hata hivyo siku likitokea la kutokea, usalama wa wote utategemea yale aliyoyafanya kimya kimya katika siku ambazo hakutazamwa na mtu.

Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi wa muziki anayejiandaa kwa tamasha. Watu watamwona kwa saa moja tu, lakini saa hiyo ameinunua kwa miezi mingi ya mazoezi nyuma ya mlango uliofungwa. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya mtu aliyekuwa yote mawili, askari na mwanafunzi wa piano, naye ni Paul Wittgenstein wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Huyu alibaki na mkono mmoja, akataka kuulea muziki wake nao. Na tuone alifika wapi.

NYUMBA YA UTAJIRI NA MUZIKI

Paul alizaliwa tarehe 5 Novemba 1887. Baba yake, Karl Wittgenstein, alikuwa bwana mkubwa wa viwanda vya chuma na mmoja wa matajiri wakubwa katika dola ya Austria na Hungaria. Watoto walikuwa tisa, mmoja wao akafariki angali mchanga. Paul alikuwa wa nane, na kitinda mimba alikuwa Ludwig, ambaye baadaye dunia ilimjua kuwa mwanafalsafa mkubwa wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza.

Nyumba yao ilijaa piano na wageni wa muziki. Watungaji mashuhuri wa siku zile, kama Johannes Brahms na Richard Strauss, walizoea kuizuru. Kijana Paul alipata hata kuketi na Strauss wakapiga piano pamoja. Lakini mali haikuwaletea raha. Kaka zake wawili, Hans na Rudolf, waliaga dunia wangali vijana, na ukoo ukabaki na majonzi ya kuamini kwamba walijitoa uhai wenyewe. Mzee Karl naye aliupenda muziki wa sebuleni, ila hakupenda mwanawe aufanye kuwa kazi ya maisha.

Hata hivyo Paul alijifunza. Alipitia mikononi mwa Bibi Malvine Brée, kisha akapokewa na Theodor Leschetizky, mwalimu aliyesifika kuliko wote Vienna, ambaye alimfundisha pia Paderewski, yule mpiga piano wa Poland aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi yake mwaka 1919. Mwalimu wake mwingine, ambaye jina lake tutalirudia, alikuwa Josef Labor, mtungaji na mpiga kinanda aliyekuwa kipofu tangu utotoni.

Baba alifariki Januari 1913. Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 1 Desemba, Paul alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu katika ukumbi mkubwa wa Musikverein akiwa mpiga piano kamili. Alikuwa na umri wa miaka 26, na njia ilikuwa imefunguka mbele yake. Miezi minane baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikazuka.

RISASI YA MWEZI WA KWANZA

Agosti 1914 Paul aliitwa jeshini akiwa luteni wa akiba katika kikosi cha wapanda farasi, na mara akapelekwa mpaka wa mashariki kupigana na Warusi. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba vita hivyo havikuwa vya Ulaya peke yake. Mwezi huo huo manowari ya Waingereza iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, mwezi Novemba watu wakauana Tanga, na Juni 1915 ikaja zamu ya Bukoba, ng'ambo ya mto Kagera. Askari wa King's African Rifles na wapagazi maelfu kwa maelfu wa nchi zetu walikwenda, na wengi hawakurudi. Msiba ulikuwa mmoja, ingawa viwanja vilikuwa mbalimbali.

Katika siku za mwisho za Agosti, karibu na mji wa Zamosc katika Poland ya leo, Paul alitumwa na kikundi kidogo cha askari kwenda kupeleleza mahali adui alipo. Kazi hiyo kila mwanajeshi anaijua: ni kwenda mbele ya wenzako, kuona bila kuonekana, na kurudi na habari. Risasi ikamvunja kiwiko cha mkono wa kulia. Pamoja na jeraha hilo, habari alizotumwa kuzileta zilifika kwa wakubwa wake, na kwa tendo hilo alipewa nishani.

Walimlaza katika hospitali ya vita, na madaktari wakaona kwamba mkono hauwezi kuokolewa. Wakaukata. Wakati bado yuko katika usingizi wa dawa, majeshi ya Urusi yaliuteka mji pamoja na hospitali. Kwa hiyo alipofumbua macho alikuta mambo mawili yamekwisha kutendeka: mkono hana, na yeye ni mateka.

SANDUKU LA OMSK

Safari ya mateka ilikuwa ndefu na ya mateso, kutoka behewa hadi behewa na hospitali hadi hospitali, katika baridi, uchafu na maradhi, mpaka Siberia. Alifikishwa Omsk, mji ule ule ambako mwandishi mkubwa wa Warusi, Dostoevsky, alikuwa amefungwa zaidi ya miaka 60 kabla yake.

Twaomba askari msomaji afikiri kidogo hali ya mtu huyu. Fundi seremala akipoteza mkono aweza kutafuta biashara nyingine. Lakini piano ina vibao 88, na imetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili na vidole kumi. Kwa desturi mkono wa kulia ndio unaoimba wimbo wenyewe juu, na wa kushoto huushikilia kwa sauti nzito za chini. Paul alikuwa amepoteza mkono wa wimbo.

Wengi wangekata tamaa, wala tusingewalaumu. Yeye alitafuta sanduku tupu la mbao, akachora juu yake vibao vya piano kwa makaa, akaanza kugonga kwa vidole vitano vya kushoto. Sanduku halitoi sauti. Wagonjwa wengine walisikia kishindo cha vidole juu ya ubao na pengine walidhani mwenzao ameingiwa na wazimu. Lakini yeye alikuwa akisikiliza kwa masikio ya ndani. Alikumbuka moja moja tungo alizozijua, na kwa kila moja alijiuliza jinsi mkono mmoja utakavyoweza kufanya kazi ya miwili.

Balozi mdogo wa Denmark katika Omsk, ambaye nchi yake haikuwa vitani na ambaye kazi yake ilikuwa kutazama hali za mateka, alimwona na kumhurumia. Kwa msaada wake Paul alipata mahali penye piano halisi, ingawa ilikuwa kuukuu. Kwa njia hiyo hiyo alituma barua Vienna kwa mwalimu wake kipofu, kumwomba amtungie kazi ya piano na okestra kwa mkono wa kushoto peke yake. Jibu likamjia kwamba Labor, mara alipopata habari za msiba, alikuwa amekwisha kuanza kuitunga hata kabla ya kuombwa.

MPANGO WA MAZOEZI

Mwishoni mwa mwaka 1915 Paul alirudishwa nyumbani katika mabadilishano ya mateka walemavu. Alifika Vienna mwezi Novemba, mwezi ule ule aliofariki mwalimu wake mkuu Leschetizky. Akajiwekea shabaha moja: kusimama tena jukwaani mbele ya watu kabla ya mwaka mmoja na kidogo kupita.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kwa mwanafunzi yeyote wa muziki, na kwa askari pia. Kujiandaa kwa tamasha kunafanana sana na kujiandaa kwa operesheni. Kwanza alihesabu silaha alizonazo: mkono mmoja, mguu wa kukanyagia pedali, na kichwa chenye kumbukumbu njema. Pili alitafuta masurufu, yaani muziki wa kupiga. Alipekua maktaba na maduka ya vitabu vya muziki, akakuta kwamba haukuwa mwingi lakini ulikuwapo. Brahms alikuwa amekwisha kutengeneza utungo mmoja wa Bach kwa mkono wa kushoto, na Leopold Godowsky alikuwa ameyageuza mazoezi magumu ya Chopin kwa namna hiyo hiyo. Alikuwako pia mfano hai, mtemi wa Hungaria aliyeitwa Géza Zichy, aliyepoteza mkono wa kulia katika ajali ya kuwinda akiwa kijana wa miaka 14, na bado akawa mpiga piano. Pale ambapo muziki haukupatikana, Paul aliutengeneza mwenyewe.

Tatu alipanga saa. Alifanya mazoezi hata kufikia saa saba kwa siku, siku baada ya siku. Tueleze kazi yenyewe ilivyo. Katika mkono wa kushoto kidole gumba kiko upande wa sauti za juu. Kwa hiyo gumba na kidole cha shahada ndivyo vilivyolazimika kuuimba wimbo, na vidole vidogo vikabaki na kazi ya kupiga sauti nzito za chini. Mkono huruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, na mguu huikanyaga pedali ili sauti ya chini iendelee kulia wakati mkono umekwisha kuondoka. Pedali ikikanyagwa mapema, sauti huchafuka. Ikikanyagwa kwa kuchelewa, sauti hukatika. Ni kama askari mmoja aliyepewa kulinda ncha mbili za daraja la Katunguru: hawezi kuwako kote kwa wakati mmoja, lakini akizipima hatua zake vema, mpitaji hatajua kwamba mlinzi ni mmoja.

Mruko wa namna hiyo haujifunzwi kwa haraka. Hupigwa polepole mara nyingi mpaka mkono ujue njia bila kuongozwa na macho, ndipo mwendo unapozidishwa. Mwenye kuanza kwa kasi huyazoea makosa yake, na kosa lililozoewa ni gumu kung'oa. Askari aliyefundishwa kufungua na kufunga bunduki gizani anaelewa maneno haya bila maelezo zaidi.

Siku ikafika. Tarehe 12 Desemba 1916, Vienna ikiwa katika njaa na baridi ya vita, Paul Wittgenstein aliketi mbele ya piano akiwa na mkono mmoja. Alipiga ule utungo wa mwalimu wake Labor, akapiga na Chopin wa Godowsky. Watu waliokuja kumhurumia waliondoka wakimstaajabia.

Tena hakukaa nyumbani kuzitumia sifa hizo. Mwaka 1917 aliomba kurudi jeshini, na pamoja na ulemavu wake akatumikia katika makao ya majeshi upande wa mashariki, kisha upande wa Italia, mpaka mwaka 1918. Mwisho wa vita hivyo ulimletea msiba mwingine: kaka yake Kurt, aliyekuwa afisa, alijipiga risasi. Katika wana watano wa kiume wa nyumba ile walibaki wawili, Paul na Ludwig.

WATUNGAJI WAKUBWA WAMTUNGIA

Baada ya vita Paul alikuwa na kitu ambacho askari wengi waliolemazwa hawakuwa nacho, yaani fedha. Haifai tulifiche jambo hilo. Alitumia urithi wake kuwalipa watungaji wakubwa wa zama zake ili wamwandikie muziki wa mkono wa kushoto. Erich Korngold, Franz Schmidt, Paul Hindemith, Richard Strauss, Sergei Prokofiev na, baadaye, Benjamin Britten wa Uingereza, wote walikubali.

Aliyewapita wote ni Maurice Ravel wa Ufaransa. Yafaa wanajeshi wajue kwamba Ravel naye alikuwa vitani, upande wa adui: mwaka 1916 alikuwa dereva wa lori la jeshi karibu na Verdun, palipomwagika damu nyingi mno. Basi askari wawili wa majeshi yaliyopigana walikutana kwa kalamu na piano. Utungo huo, ambao hauzidi sana dakika 18, ulipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 5 Januari 1932, na hata leo wapiga piano wenye mikono miwili huupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, wakiuogopa kwa ugumu wake.

Lakini mapatano hayakukosa magomvi. Paul aliubadilisha muziki wa Ravel hapa na pale kama alivyoona mwenyewe, na mtungaji akakasirika sana. Kwa Ravel, mpigaji hana ruhusa ya kubadili amri aliyoandikiwa. Kwa Paul, mpigaji si mtumwa. Hatimaye Paul alikubali kuupiga kama ulivyoandikwa. Kazi ya Prokofiev aliirudisha kwa maelezo kwamba haielewi wala hataipiga. Ya Hindemith aliifungia ndani, wala hakuipiga hata siku moja.

ALIPOKOSEA

Tungekuwa wasimuliaji wabaya kama tungeishia kwenye sifa. Wasikilizaji wengi walisema kwamba kadiri miaka ilivyopita alizidi kuvigonga vibao kwa nguvu kupita kiasi. Lakini kosa zito zaidi lilikuwa jingine.

Katika Vita Kuu ya Pili, mpiga piano kijana wa Ujerumani, Siegfried Rapp, alipoteza mkono wa kulia akiwa askari. Baada ya vita alimwandikia Paul kumwomba ruhusa ya kupiga tungo zile alizokuwa nazo. Hapana mtu duniani aliyeweza kuyaelewa maombi hayo kuliko Paul Wittgenstein. Naye akakataa. Hoja yake ilikuwa kama ya mtu aliyejenga nyumba kwa mali yake, ambaye haoni kwa nini mwingine ahamie humo. Kwa sheria alikuwa na haki, alikuwa amelipa. Lakini kwa utu, twaona kwamba aliyesaidiwa na kipofu alipokuwa kifungoni hakumtazama vema askari mwenzake aliyefikwa na jambo lile lile. Rapp hakukata tamaa. Aliipata ile kazi ya Prokofiev iliyokataliwa, na mwaka 1956, mtungaji akiwa amekwisha kufariki, aliipiga kwa mara ya kwanza mjini Berlin. Nayo kazi ya Hindemith ilikutwa Marekani mwaka 2002 katika mali iliyoachwa na mjane wa Paul, ikapigwa mara ya kwanza Berlin mwaka 2004, zaidi ya miaka 80 tangu ilipoandikwa.

UHAMISHONI

Machi 1938 Hitler aliiteka Austria. Ukoo wa Wittgenstein ulikuwa wa Kikristo, lakini kwa sheria za Wanazi wote walihesabiwa kuwa Wayahudi, kwa kuwa watatu katika babu na bibi zao walitoka ukoo wa Kiyahudi. Nishani ya vita na mkono uliopotea kwa ajili ya nchi havikumsaidia Paul kitu. Alikatazwa kupiga piano mbele ya watu na kufundisha. Mwaka huo huo alikimbia, akahamia Marekani. Dada zake wawili walibaki Vienna, na ili waachwe hai ukoo ulikubali kuwapa watawala wale dhahabu ya uzito wa tani 1.7.

Mke wake, Hilde, alikuwa mwanafunzi wake wa piano, naye alikuwa kipofu kama mwalimu Labor. Walijaliwa binti wawili na mwana mmoja. Huko New York Paul alifundisha kwa miaka mingi, na mwaka 1957 alitoa vitabu vitatu vya mafunzo ya mkono wa kushoto, vyenye mazoezi na tungo alizozitengeneza mwenyewe. Hivyo mwishoni mwa umri wake aliufungua mlango kidogo kwa watakaokuja nyuma. Alifariki tarehe 3 Machi 1961, akiwa na umri wa miaka 73.

FUNDISHO

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, miongoni mwenu wamo waliorudi kutoka kazini na viungo pungufu, na wamo wanaowauguza wenzao wa namna hiyo. Habari hizi haziwaambii kwamba jeraha ni jepesi. Paul aliishi na kigutu chake maisha yake yote. Zinawaambia kwamba siku ya jukwaani hupatikana katika siku za sanduku. Aliyengoja piano njema ndipo aanze mazoezi, angelikufa Omsk akingoja.

Tena zinaturudisha kwenye methali yetu. Mkono ule mmoja haukuulea mwana peke yake. Balozi mdogo aliutafutia piano, kipofu akauandikia muziki, na aliyekuwa adui akautungia kazi iliyoupa jina duniani. Palipokuwa na mikono mingi nyuma yake, mkono huo uliweza kila kitu. Ulipofumbwa ili usimpe Rapp, ndipo ulipoonekana kweli kuwa mmoja.

Zamu ya daraja itakapokwisha jioni ya leo, na mlinzi mmoja akimkabidhi mwenzake bunduki na maneno machache ya mambo aliyoyaona, na wakumbuke kwamba tendo hilo dogo la kukabidhiana ndilo lililomshinda shujaa huyu.